Uzi wa Masweta ya Matamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe na sweta zuri la mtumba, nikaambiwa nilifumue. Nilikuwa nimetoka Mdandu na darasa la tatu langu. Mama Msimamizi, mwenye karakana ile ya masweta mjini Njombe, akanionyesha mshono wa ubavuni.

"Anza kutazama hapa. Likiwa limeunganishwa kitanzi kwa kitanzi, uzi utatoka mmoja mpaka mwisho. Likiwa limekatwa mkasi likapigwa cherehani, liache. Utapata vipande vya kufungia mchicha."

Wanaume wenzangu waliniita Mama Sweta. Baridi ya Juni ilipokaza, walikuja kununua.

Kufumua ni nusu tu ya kazi. Uzi uliotoka kwenye sweta umejikunja kama tambi. Unauzungusha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa upate shada, unalifunga mahali panne lisivurugike, unalifua kwa maji ya uvuguvugu, maana ya moto hugandamanisha sufu. Kisha unalitundika limelowa, na jiwe linaning'inia chini. Likikauka, uzi umenyooka. Hiyo ilikuwa kazi ya Sabina, dada mmoja wa Ludewa. Mimi nilishapanda cheo, fundi wa mashine ya kufumia, na nilijiona.

Tukapata oda ya masweta ya shule moja kule Matamba. Ukungu ukakaa siku nyingi, mashada hayakauki, kamba zimejaa. Nikaenda kwenye kikapu nikabeba yaliyokuwa yakisubiri kufuliwa.

"Kaka, hayo bado."

"Fua zako, dada. Mashine naijua mimi."

Nilifuma. Nilipima kwa futi kamba, kila sweta likakaa sawasawa. Ndivyo uzi uliojikunja unavyodanganya: umejifupisha, na siku ukipata maji unajinyoosha.

Baada ya wiki chache mwalimu aliyeleta oda akaingia karakana. Mama mrefu, mwili umejaa, na amevaa sweta letu.

"Kamwene! Mnaonaje, limenikaa?" Akazunguka tumwone mgongoni. "Hili ni la mtoto wa darasa la pili. Tumelifua mara moja tu."

Karakana nzima ikacheka. Mama Msimamizi hakucheka.

"Uzi huu nani aliufua?"

Wote wakamtazama Sabina. Sabina akanitazama mimi. Nikainamia mashine, nikajifanya napaka sindano mafuta. Alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Mimi nikapewa masweta yale yote niyafumue na kuyafuma upya. Sweta la mtu mwingine unalifumua bila kuwaza. Lako unakijua kila kitanzi. Siku ya tatu nikashindwa, nikaenda kumwambia Mama Msimamizi.

"Kumbe ni wewe! Mtu mzima ovyo. Nenda kamrudishe. Asiporudi, na wewe usirudi."

Nilimkuta sokoni Makambako, ana meza yake ya mitumba, anafumua.

"Mama anakuita. Nimemweleza ukweli."

"Umemweleza akiwa peke yake?"

"Ndiyo."

"Waliocheka walikuwa wengi, kaka. Sirudi." Akaendelea kuvuta uzi. "Nina mashada ya kufua pale. Kazi unaitaka?"

Niliitaka. Nimemfulia uzi dada yule miaka mingi, mpaka vidole vilipokataa maji. Nilijifunza mengi kwake kuliko kwa msimamizi yeyote. Habari ya Njombe hakuirudia hata siku moja, na mimi nikaona raha kunyamaza.

Sasa nimepumzika. Vijana mnaotaka kazi hii, hapo juu nimewaeleza mshono, shada, maji na jiwe. Mengine mikono itawafundisha, mimi shule yangu ilikuwa hiyo hiyo. Lakini sikuhangaika kushika kalamu kwa ajili yenu tu. Ninyi mliokuwa karakana ile, mlioona mwalimu akizunguka na sweta la mtoto mkacheka, mkaenda mitaani kusema Sabina ni mvivu: Sabina alisema uzi bado, nami nilimsikia.