Kimuli nzima inaivisha ndizi: sheria yetu ya moshi ilivyogeuka kichekesho

Wakuu, salaam. Haya nimeyaona mwenyewe huku Kimuli, Kyerwa. Anayehisi natia chumvi aje, nitampokea.

Mama yangu ana pumu.

Kiangazi watu wanachoma nyasi milimani ili ng'ombe wapate majani mapya, majumbani wanachoma taka, na mama anakosa pumzi. Kuna siku nilimpeleka hospitali kwa bodaboda nikajua namzika. Niliogopa sana.

Aliporudi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, nikaomba sheria ndogo ya kupiga marufuku moto wa nyasi na taka. Makofi mengi! Huku tunapenda sana sheria inayomhusu jirani.

Kasheshe ikawa rubisi.

Kwa wasioijua, ni pombe yetu ya ndizi, na ndizi zake tunaziivisha kwa moshi, shimoni au juu ya moto. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo harusini tunywe soda?" Mkutano ukashtuka kuliko ulivyoshtuka kuhusu pumu. Kikaongezwa kifungu: moshi wa kuivishia ndizi hauhusiki.

Aliyeshangilia kuliko wote? Mama.

Nikamuuliza, "Mama, si moshi huohuo?"

"Waitu mwanangu, moshi wa ndizi una adabu."

Basi bwana, ghafla kila mtu akawa anaivisha ndizi. Mtu anachoma pampasi, pembeni kaweka kichane cha ndizi. Anachoma mifuko ya mbolea, kichane.

Jirani yetu Baba Koku ndiye alitia fora. Alichoma godoro bovu na chupa za plastiki, juu kaning'iniza mkungu mzima. Moto ukafuka siku kadhaa. Mwenyekiti akaja, akauona mkungu, akasema sheria imefuatwa, akaondoka zake.

Mama akalazwa tena. Nililia, na sioni aibu kusema.

Alipopata nafuu akaenda mwenyewe kwa Baba Koku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndizi zako naona zimeiva. Nipe nikukamulie rubisi."

Angekataaje? Kukataa ni kukiri kwamba alikuwa anachoma taka. Akampa.

Mkutano uliofuata mama akaingia na kibuyu. Kwetu mwenye pombe anaonja kwanza, ndipo wengine wapewe. Akamimina, akampa Baba Koku, mwenye ndizi, mbele ya kijiji kizima. Harufu ya godoro ikafika mpaka viti vya nyuma.

Jamaa akaangalia kikombe, akakirudisha.

"Mama, hii siwezi kuinywa. Ni sumu."

"Wewe umekataa kikombe kimoja," mama akasema. "Mimi nimeivuta mpaka nikalazwa."

Kifungu kikafutwa palepale, na mama naye akanyoosha mkono kukubali, ingawa shimo lake la ndizi lilikuwa bado linafuka.

Nilichojifunza: kila mtu anataka hewa safi ili mradi moshi wake usiguswe. Sheria ilianza kufanya kazi pale mmoja alipokubali na moshi wake uguswe.

Siku hizi mama anazifunika ndizi kwa majani makavu tu, bila moto. Kutwa ananilaumu kwamba nimeiharibu rubisi, haina ladha. Analalamika kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kukohoa hata mara moja, nami namsikiliza tu.

Majirani wa Igurwa na Bugomora, najua mpo humu mnasoma kimyakimya. Kwenu mnaivisha nini? Semeni ukweli.