Mashine ya tiketi iliyokuwa inasahau abiria Sumbawanga

Wakuu, heshima kwenu wote, wa siku nyingi na mliojiunga jana.

Kisa hiki kilinitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Nilipochemsha nitasema nilichemsha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekolea, kila mwenye mtaji Sumbawanga ananunua basi. Mimi shule niliacha kidato cha pili, kukaa kitako kulinishinda. Nikalima Mpui, nikauza betri Matai, mwisho nikapanga chumba Chanji, pale mjini, nikawa natengeneza redio. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafungua naangalia.

Tajiri mmoja wa mjini mwenye mabasi, tulimwita Alhaji, alileta mashine ya kukatia tiketi kutoka nje. Kidude kama mkate mkubwa, kina vitufe na kioo kidogo. Unaandika jina na namba ya siti, kinatoa tiketi na kutunza orodha tumboni. Leo tungesema database ndani ya chip.

Aliyekitumia ni Mama Agripina, mkata tiketi wake pale stendi, mjane wa Kifipa, msafi kupita kiasi.

Shida ikaanza. Siku nyingine mashine inaandika DATA ERROR, orodha yote inapotea, inaanza kuuza siti namba moja upya. Siku nyingine inafanya kazi safi wiki nzima.

Asubuhi moja nilikuwepo stendi. Baridi ya Ufipa mnaijua. Mfugaji wa Kisukuma mwenye tiketi ya saba amekaa siti yake, akaja mama wa Matai naye ana tiketi ya saba.

"Baba, hiyo ni yangu."

"Nimeikuta haina jina."

"Basi nipakate twende Mbeya!"

Basi zima kicheko, isipokuwa Mama Agripina. Alhaji alimwambia mbele ya watu: "Agripina, Ijumaa hii nakuja kukagua mwenyewe; ikisahau tena, Jumamosi namleta mpwa wangu akae hapo." Wengine wakanong'ona kwamba mashine imerogwa. (Sumbawanga na sifa zake, tupite.)

Jumanne Mama Agripina akaniletea mashine ndani ya kapu, huko stendi tiketi zikikatwa kwa kalamu. "Mwanangu, wewe si unapenda kuchokonoa? Chokonoa na hii. Nina watoto wanne wanaongoja hiki kiti changu."

Nikaanza kwa mbwembwe. Nikalaumu umeme wa mji, nikalaumu betri ndogo ya ndani, nikaibadilisha. Kisha nikaandika majina ya uongo siku mbili mfululizo, nikajaza basi zaidi ya mara ishirini. Haikusahau hata jina moja.

Nikasema nimeshatengeneza. Hapo ndipo nilipochemsha.

Kitu kimoja cha maana nilikipata kwa utundu tu. Nilichomoa waya wakati mashine inaandika jina. Nilipoiwasha: DATA ERROR. Kumbe ikikatizwa katikati ya kuandika, orodha inabaki nusu, na ikiwaka inaikagua, inaiona haieleweki, inaitupa yote.

Alhamisi nikairudisha kwa kujidai. Ilikuwa siku ya shule kufunga, abiria wamejaa. Mchana ikasahau.

Mama Agripina alikaa chini tu, mikono kichwani. Wakuu, ningekuwa na mkia ningeufyata.

Nikajiuliza: chumbani kwangu ilifanya kazi kutwa. Hapa nani anaikatiza, na waya haujaguswa? Nikavuta stuli, nikakaa kumwangalia anavyofanya kazi.

Akaiwasha upya. Akaivisha mfuko wa nailoni iliokuja nao kutoka dukani, vumbi lisiingie. Juu yake akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe, maua mekundu pembeni, katikati KARIBU MGENI. Akawa anabonyeza vitufe kwa kupitisha mkono chini ya kitambaa.

Kitambaa hicho na mfuko wake havikuja Chanji. Alivibakisha avifue.

Nikaingiza mkono. Matundu ya hewa yote yamezibwa, mashine ya moto kama chungu cha maharage. Siku za abiria wachache ilipata nafasi ya kupoa. Wakijaa inachemka, inazimika sekunde moja katikati ya kuandika, inawaka yenyewe. Kwisha habari ya orodha.

Sasa mwambie mama wa watu.

"Mama, shikamoo tena."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Hiki kitambaa... kinamnyima pumzi," nikasema nikiigusa mashine.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nikiache kitu cha Alhaji uchi mbele ya wageni?"

"Kesho tu kikae hivyo, mama. Kikisahau, mimi mwenyewe namfuata Alhaji."

Ijumaa mashine ikashinda uchi. Abiria walijaa kuliko jana yake. Jioni, basi la mwisho halijaondoka, Alhaji akaja na mpwa wake kabisa, amevaa tai. Akashika orodha iliyotolewa na mashine, akaingia kwenye basi, akaita jina moja moja. Kila siti mtu mmoja. Akatoka, akamwambia mpwa wake, "Vua tai, kapakie mizigo."

Funzo nililopata: kifaa kikipona kwako na kuugua kwa mwenyewe, usikifungue tena. Nenda ukaone kinavyoishi kule.

Wiki mbili baadaye nilipita pale. Mashine imevaa tena! Nikasogea: kitambaa kipya, hakuna nailoni, na kila penye matundu ya hewa amefuma dirisha, ukingo wake uzi mwekundu.

"Sasa anapumua," akaniambia, "na ana adabu."

Haya, mafundi na watundu wenzangu: ni kifaa gani kiliwahi kuwagomea kwa mwenye nacho tu? Mwageni hapa, nimeshaweka maji ya chai jikoni.