Shangazi alivyokataa shujaa wetu wa mashine ya wakati amuue "marehemu"

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yametokea kwangu Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, na wahusika wote wako hai, kwa hiyo nikitia chumvi watanisuta humu humu.

Mimi na rafiki yangu Kazungu hutengeneza michezo ya kusikiliza kwenye simu. Mimi naandika, yeye ndiye shujaa.

Studio ni chumba changu cha kulala. Tumetundika mablanketi ukutani, na ndege ikipita juu tunanyamaza mpaka iende zake.

Mchezo wa sasa unamhusu Tufani, mtu aliyerudi kutoka miaka ijayo kwa mashine ya wakati. Kazi yake ni moja: amuue kijana aitwaye Badi, ambaye akiachwa atakuja kutia sumu kwenye maji ya mji mzima.

Mama yake Badi anaigizwa na shangazi yangu, Bi Rukia. Wasikilizaji wengi wanafuata sauti yake, si hadithi yangu. Bila yeye hatuna mchezo.

Basi Jumamosi tukaanza kurekodi kile kipande cha mauaji. Nilikuwa nakingoja kwa hamu, sitawaficha. Tufani anabisha hodi, mama anafungua, na Tufani anasema:

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona marehemu."

Hapo niliteleza. Niliandika hivyo kwa sababu huko anakotoka Tufani, Badi alishakufa siku nyingi.

Shangazi akaweka karatasi kando. "Marehemu nani? Mwanangu yumo ndani afua nguo!"

Tulicheka mpaka Kazungu akakaa chini. Shangazi hakucheka.

"Weye wajua maana ya marehemu?" akaniuliza. "Ni aliyerehemewa. Mtu wako kaja mlangoni pangu, kaniamkia, kamwombea mwanangu rehema, kisha amuue?"

Kazungu akamjibu kwa adabu, "Lakini mama, huyu atakuja kuua mji."

"Atakuja. Leo afanya nini?"

"Leo... anafua."

"Basi wamuua kwa sababu afua?"

Kazungu akakaza: na wale watoto watakaokunywa yale maji, wao hawana mama? Swali zuri sana.

Ndege ikapita. Shangazi akaanza kutafuta viatu vyake, nami nikaingiwa na hofu kwamba mchezo wetu ndio umekwisha.

Akafika mlangoni akageuka. "Wana mama zao, na miye nawalilia. Lakini mtu mwenye mashine ya wakati ana haraka gani? Si akae naye, amkanye. Akikataa, arudi nyuma amkanye tena. Wakati anao tele, wallahi."

Nilisikia raha, ile raha ya kushindwa na mtu unayempenda. Tukio la mauaji nikalifuta pale pale, shangazi akavua viatu.

Kazungu mpaka leo analalamika kwamba tumemlegeza shujaa wake. Anasema siku Badi akiishika ile sumu mkononi, atanikumbusha. Huenda yeye ndiye mwenye haki, sijui.

Tukarekodi upya, na lile neno tukaliacha vilevile.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona marehemu."

"Marahaba. Yumo ndani afua," akasema shangazi, kwa ile sauti yake. "Keti kwanza, baba. Akimaliza atakuja."

Kazungu akaketi kweli. Sikuwa nimemwandikia hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba kumwandika mtu wa kuuawa ni kazi rahisi kabisa, mpaka mamake afungue mlango.

Haya, nyinyi mngekuwa Tufani pale mlangoni mngefanyaje? Pigeni kelele mtakavyo, hata mkiwa upande wa Kazungu. Ila comments zote namsomea shangazi, na atakayekosea Kiswahili ajiandae.