Siku Niliyoimwagilia Maji Mimea ya Aktiki

Jamani, nawasimulia mwenyewe kwa aibu zangu zote, maana Mwanaisha, mwenzangu wa kazini, ameshaapa kuwasimulia, na mkiyasikia kwake (mnamjua yule Mmombasa, habari haitoki kwake bila chumvi) itabidi nihame Dubai.

Mimi nahudumu ukumbi wa mikutano wa hoteli moja pale Marina. Siku hiyo walikuja wanasayansi, na mmoja wao, mama mtu mzima, alileta sinia la mimea aliyoikusanya pwani za Aktiki, kule juu kabisa ya dunia kwenye barafu: kuvumwani, ule mmea laini kama zulia, na yale magamba ya kijivu yanayoota juu ya mawe. Akaliweka jukwaani, akaenda kunywa chai. Mimi nikapita kupanga glasi, nikaiona ile mimea imekauka kau kau, nikaionea huruma (mtoto wa mkulima wa Lushoto mimi, sivumilii kuona mmea una kiu), nikachukua jagi nikainyunyizia. Kidogo tu. Wallahi haikupita muda ikaamka, ikatanuka, ikawa kijani kibichi, nami nimesimama pale nachekelea kama mkunga.

Mwanaisha akaingia na vikombe.

"Wewe Hoza, wafanyani hapo? Madam mwenye sinia amesema ikae mikavu mpaka mwisho, aitie maji mbele ya watu waione ikifufuka!"

Mwenye akili angekwenda kukiri palepale. Mimi nikabeba sinia mbio hadi chooni, nikaliweka chini ya mashine ya kukaushia mikono. Ikavuma mara moja tu, na Aktiki nzima ikapaa: nyingine ukutani, nyingine kwenye sinki, nyingine nywelani mwangu, na kipande kikubwa kikatua kifuani kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa anaingia na kanzu yake nyeupe pe. Akakitazama. Akanitazama.

"Shu hada?" akauliza, hiki nini.

"Mmea, sir. Wa barafuni," nikasema, nikakibandua kwa vidole viwili, nikakirudisha kwenye sinia.

Nikaokota nilichoweza, nikarudisha sinia, nikajibanza nyuma ya pazia. Madam akapanda jukwaani, akalitazama sinia lake, kisha akauliza ni nani aliyegusa. Yule mzee, kumbe mgeni rasmi, kiti cha mbele, alikuwa ameona viatu vyangu chini ya pazia. Aliinua kidole tu, akanionyesha. Ukumbi mzima ukageuka ukaanza kucheka.

"Nilidhani inakufa, madam."

Akainua gamba moja lililovunjika. Bora angefoka, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Hili lilianza kuota kabla mama yako hajazaliwa."

Kicheko kikakatika. Nilitamani sakafu inimeze.

Halafu akaniangalia vizuri, akauliza, "Maji kiasi gani? Liliamka baada ya muda gani?" Yaani mtafiti ni mtafiti! Nikapewa kipaza sauti, nikaeleza yote mbele za watu, hatua kwa hatua, mpaka habari ya choo, huku kipande cha kuvumwani kimening'inia kwenye nyusi, na hakuna aliyeniambia.

Msimamizi akanipeleka kuosha vyombo mwezi mzima. Na madam, alipoondoka, alinipa mkono wa kulia kwa upole kabisa, ila kwanza alilihamishia sinia upande wa kushoto, mbali nami.

Basi nimeapa: mmea wa mtu nikiukuta una kiu, nitamtafuta mwenyewe kwanza, na nisipompata nitakaa na huruma yangu, khalas.