Mama Mkwe Alivyovundika Mtungi wa Gesi

Daktari wa hospitali ya misheni alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akavua vile vyuma vyake masikioni, akaniambia nichague: mimi au moshi wa kuni. Mmoja wetu ahame nyumbani, la sivyo kifua hiki hakitafika mbali. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa juzijuzi tu, na nilijua vizuri kwamba katika nyumba ya wakwe zangu, pale karibu na Nshamba, moshi ulinitangulia kwa vizazi kadhaa. Kama ni kuhama, mwenye kuhama alijulikana.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Watu husema ualimu ndio ulioniharibu. Ualimu hauhusiki, nilizaliwa hivi. Lakini kifua kikibana, hata hasira hukosa pumzi. Nilikuwa nakohoa jikoni mpaka natoka nje kukumbatia mgomba, na mama mkwe wangu ameketi palepale kando ya mafiga, kiko mdomoni, macho makavu, anavuta moshi juu ya moshi. Hakuwahi kuniambia pole. Nikamweka katika kundi la maadui, na sikumficha.

Mume wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu wa taratibu, anayekunja hata soksi chafu. Akapata habari kwamba nesi mmoja wa Kizungu anarudi kwao na anaacha jiko lake la gesi pamoja na mtungi. Kabla sijajua kinachoendelea, jiko likaja juu ya lori la ushirika, limekaa katikati ya magunia ya kahawa. Yule nesi alikuwa amemfundisha masharti, naye akayakariri njiani. Aliposhuka alitukusanya mimi na mama yake uani, akasimama kama kiongozi wa wilaya, akatuhutubia.

Mtungi ukae nje ya nyumba. Mtungi usimame wima, usilazwe kamwe. Usikaribishwe kwenye moto. Ukisikia harufu, usiwashe hata kibiriti, fungua milango utoke. Kila mara paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona linatoa mapovu ujue gesi inavuja. Na asubuhi za baridi mwali ukiwa mdogo msiogope, gesi hulegea kwa baridi, subirini jua lipande.

Mama mkwe alisikiliza yote bila kutoa kiko mdomoni. Mwisho akauliza swali moja.

"Sabuni ya kuogesha chuma?"

"Ndiyo, Mae," mume wangu akamjibu mama yake.

"Na sisi tuoge nini?"

Lilikuwa swali la haki. Miaka ile ya Azimio sabuni ilikuwa ikionekana dukani kama mwezi mwandamo, watu wanaitazama kwa mbali na kuulizana kama ni kweli. Mume wangu akaliruka. Akahamia sharti la kuweka mtungi nje, na hapo ndipo aliposhindwa kabisa. Mama yake alisema kitu kilichotoka kwa Wazungu kikilala nje kitaibiwa kabla jogoo hajawika, na kwamba ukoo wao haujawahi kumlaza mgeni uani. Mtungi ukaingizwa sebuleni. Mama mkwe akaukatia nyasi mbichi za kutandika, zile tunazotandika sakafuni siku za sikukuu, akausimamisha juu yake na kuufunika kitambaa cha kufuma. Ulikuwa umesimama wima, hilo sikatai.

Wageni wakaja kuutazama. Tulikuwa tunawapa kahawa ya kutafuna kama desturi, wanatafuna huku wameukodolea macho. Mmoja aliuliza kwa kunong'ona kama uko macho. Nami jikoni, au tuseme kwenye kibaraza kilichogeuzwa jiko langu, nilikuwa napika ndizi bila kukohoa kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Niliimba. Sauti yangu si nzuri, lakini pumzi zilikuwepo, basi nikazitumia.

Aliyekuja rasmi ni balozi wetu wa nyumba kumi, jirani ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na chetu. Alitaka kujua kama kitu kile ni cha kijamaa au ni cha kibepari.

"Kinapika ndizi za jasho letu wenyewe," mume wangu alimjibu.

Balozi akatafakari. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kama mtungi huu unafanya kazi basi yeye hana ugomvi nao. Kisha akainama kuunusa, kiko kikiwaka mdomoni, kaa jekundu kabisa, juu ya nyasi zilizoanza kukauka.

Sikumbuki nilisema nini. Mume wangu anasema nilimwita balozi mbuzi. Ninachokumbuka ni kwamba nilimshika kiwiko nikamtoa mpaka uani, yeye na kiko chake, na yeye akipiga kelele kwamba nimekitukana chama. Siku nzima nilikuwa mhaini. Jioni mume wangu alikwenda kumwomba radhi, na mtungi ukahamishiwa nje, nyuma ya ukuta, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Mama mkwe alinuna. Alisema nimemfukuza mgeni wake.

Tukaishi hivyo mpaka mvua za masika zilipokolea na baridi ikashuka. Mwali ukaanza kupungua. Asubuhi ulikuwa bluu hafifu, unatetemeka, na sufuria inakaa juu yake bila kuchemka mpaka kengele ya shule inalia. Jua la kusubiri halikutoka. Mume wangu akasema gesi inakaribia kwisha, akaenda Bukoba kutafuta mtungi mwingine. Huko akaambiwa mitungi hutoka Mwanza kwa meli, na meli italeta ikileta. Akaamua kubaki huko akiingoja, kwa kuwa alikuwa na kazi za ushirika mjini, na mimi nikarudi kwenye mafiga.

Nikarudia palepale. Kukohoa, kukumbatia mgomba, kulala nimeketi. Darasani nilikuwa naandika sentensi nusu ubaoni, napumzika, namalizia nyingine. Niliogopa. Nilikuwa na umri mdogo sana wa kuogopa hivyo, na nilikuwa na hasira kwamba hakuna aliyeona. Mama mkwe alikaa kando ya moto wake, ananitazama tu.

Siku moja shule ilifungwa mapema kwa sababu ya mkutano wa walimu wakuu. Nikafika nyumbani mchana, nikapita nyuma ya nyumba, na mtungi haukuwepo. Palikuwa na alama ya kitu kizito kilichoburutwa, imepasua udongo kuelekea migombani. Nikaifuata. Nilidhani mwizi, hata nikaokota gongo. Alama ikanifikisha mpakani na kibanja cha balozi, kwenye shimo lake la kuivishia ndizi za pombe.

Asiyejua kwetu nimweleze. Ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu, hukatwa zikiwa mbichi. Unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, halafu pembeni unaacha mdomo wa kupitishia moto na moshi. Joto likikaa humo siku chache, ndizi zinatoka njano, laini, tamu. Tunasema zimevundikwa. Balozi alikuwa anaozesha binti yake na alihitaji rubisi nyingi. Fungu la kwanza lilikwisha kukamuliwa, maji yake ya ndizi yamejaa kwenye mtumbwi wa mbao wa kukamulia, yanangoja mtama wa kuyachachusha. Fungu la pili lilikuwa shimoni, limefunikwa. Balozi alikuwa amechuchumaa kwenye mdomo wa shimo, anapepea makaa kwa jani, kiko mdomoni. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kando yake, anasimamia.

"Mae," nikasema, "mtungi uko wapi?"

"Nimeuvundika."

Nilidhani sijaelewa.

"Uko humo, katikati ya ndizi," akasema kwa Kihaya cha taratibu, kile anachotumia kwa watoto na kwa walimu. "Niliutikisa nikasikia maji yakicheza. Gesi bado imo. Mume wako si alisema inalegea kwa baridi? Basi haijaiva. Nimeitafutia joto."

"Waitu, kesho kutwa itakuwa tayari," balozi akaongeza kwa heshima, akapepea.

Nilitaka kupiga kelele. Nilivuta pumzi ili nipige kelele, na nilichovuta kilikuwa moshi. Kifua kikafunga kama mlango. Sauti haikutoka. Nikaanza kutupa mikono, nikionyesha shimo, nikionyesha mbingu, nikionyesha vitu vikiruka vipande vipande. Balozi akasimama na kuvua kofia. Baadaye aliwaambia watu alidhani nimeguswa na furaha hata maneno yamenikauka.

Basi nikafanya nilichoweza. Palikuwa na ndoo kando ya mtumbwi. Nikachota maji ya ndizi nikayamwaga kwenye mdomo wa shimo. Makaa yakalia chwaa, mvuke mtamu ukapanda. Nikachota tena. Balozi aliponiona narudi mara ya tatu alijitupa juu ya mtumbwi, akaukumbatia, akasema nimuue yeye kwanza, hiyo ni harusi ya mtoto wake. Nikachota ubavuni mwake. Nilimwaga mpaka hakuna hata cheche, na juu yake nikasukuma vipande vya shina la mgomba vilivyojaa maji. Kisha nikamwonyesha njia kwa gongo. Mtu anayelia hukimbia vibaya, lakini alikimbia.

Mama mkwe hakukimbia. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna jambo, na namna yake ya kuelewa ilikuwa kuinama aanze kufukua udongo kwa mikono, autoe mtungi wake mwenyewe. Nilimvuta, akanisukuma. Nikamwinamia, nikambeba begani kama mkungu wa ndizi, na kukimbia naye kati ya migomba, yeye akinipiga mgongoni na kuita ukoo mzima uje ushuhudie mkwe anavyombeba mama wa mtu. Mguu mmoja wa ndala ulibaki njiani. Nilimtua chini ya mibuni, mbali, nami nikaanguka kando yake.

Hapo ndipo kikohozi kilipokuja chote. Nilidhani ndicho cha mwisho. Nilikuwa nimeinama, uso kwenye majani makavu, na nikasikia mkono mgongoni mwangu. Ulikuwa unasugua, juu chini, juu chini, kama mkono unaojua kazi hiyo.

"Kohoa," alisema. "Kohoa, mwanangu. Usizuie."

Pumzi iliporudi nikamwambia, neno moja moja, kwamba mtungi ukipata moto hupasuka, na ukipasuka hapa hakuna ndizi, hakuna balozi, hakuna sisi. Akauangalia mguu wake usio na ndala.

"Nilitaka upate pumzi," akasema. Kisha akaongeza: "Nilikuwa na binti. Alikuwa akikohoa hivyohivyo, kwenye mafiga yaleyale. Tukamwambia anakimbia kazi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Sikuwahi kusikia kama mume wangu alikuwa na dada. Tukakaa pale, mabega yamegusana, tukisikiliza kama shimo litapasuka.

Halikupasuka. Siku ya pili mume wangu alishuka kutoka kwenye lori lililotoka bandarini Kemondo akiwa amekumbatia mtungi uliojaa, anacheka peke yake. Akakuta balozi ameweka mgambo kulinda shimo, kamba imezungushwa kwenye migomba, na watoto wa kijiji kizima wamekaa ng'ambo wakisubiri mlipuko. Alipoelezwa aliketi chini.

"Ulikuwa umesimama wima?" akauliza.

"Ulilazwa," nikamwambia. "Pamoja na ndizi."

Mtungi ulifukuliwa ukiwa umepoa kabisa, unanukia vizuri. Balozi alitutoza ndizi zetu zote zilizokomaa kufidia harusi yake, na ndizi zilizobaki shimoni ziliiva, akazinywa na wageni wake. Hakutualika.

Mtungi mpya ukasimama nje, wima, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa akiupaka povu kila Jumamosi kwa kipande cha sabuni alichokificha wasijue watu wa nyumbani. Lakini gesi haikudumu, na meli haikuja kila tulipoitaka. Gesi ilipokwisha tena nilifunga kitenge, nikaelekea jikoni kama kawaida ya mwanamke aliyeolewa. Nikamkuta amekaa kizingitini, ameziba mlango.

"Huingii," akasema.

Akapika yeye, mzee vile, siku ile na zilizofuata. Kwetu hiyo ni aibu kubwa, mkwe kuketi na mama wa mume kuchochea kuni, na maneno yakazunguka kutoka kisimani mpaka kanisani. Jumapili moja baada ya misa wanawake wawili walimsimamisha mlangoni pa kanisa, mimi nikiwa nyuma yake, wakamuuliza mbele za watu kama ni kweli mwalimu amemgeuza mtumishi.

Aliwatazama mmoja mmoja. Akanivuta mkono nikasimama kando yake.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Mnaotaka binti wa kukaa moshini, wekeni wenu. Mimi wangu nimekwisha kumzika."