Diski ya Mgeni na Makaburi ya Bi Biasha

Siwema binti Mtoro hakuwa mtu wa kupaza sauti. Lakini asubuhi ile ya mwaka themanini na tano alipiga meza hata kikombe cha chai kikaruka.

Nirudi nyuma kidogo. Watu wa kitongoji chao walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, makaburi yalibaki porini. Sasa shamba la kijiji lilikuwa linapanuliwa, na kamati ilisema kaburi litakaloorodheshwa litaachwa. Aliyeyajua yote ni Bi Biasha peke yake. Siwema, karani wa kijiji, akakaa naye mwezi mzima. Karatasi zilikuwa hazionekani madukani, basi akaandika katika kompyuta ndogo aliyoachiwa na mtafiti mmoja, ile ya kuunganishwa na televisheni: huyu fulani, binti fulani, kalala karibu na mti gani. Makaburi arobaini na moja, diski moja, na nakala yake. Mwezi wa Ramadhani, Bi Biasha akafariki.

Akaja Ndugu Hemedi, bwana shamba kutoka bara, na diski ya mchezo mfukoni. Kwao Siwema mgeni hutangulizwa, iwe kwenye sinia ya wali au kwenye kiti. Akamwachia mashine. Hemedi akaiwasha kwa diski yake, akacheza, akaitoa, akaaga. Siwema hakuizima, kuiwasha upya kulichukua muda, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya kubahatisha. Akatia diski yake, kisha ile nakala, ahakikishe zi salama.

Kumbe katika diski ya mgeni, sehemu ile ya mwanzo ambayo mashine huisoma inapoamka, kilijificha kirusi. Kikabaki ndani ya mashine, kikajiandika juu ya orodha katika diski zote mbili. Kesho yake, badala ya orodha, kioo kilionyesha uso unaocheka.

"Mchezo tu ule, Ndugu Siwema," Hemedi alisema. "Nilipewa na rafiki. Si uandike upya?"

"Niandike upya!" Siwema akapiga meza, chai ikaruka. "Nikamfukue Bi Biasha anisomee?"

"Usinifokee, mimi mgeni."

"Ugeni wako ulikwisha jana. Trekta lako linakuja Jumatatu, sivyo? Vua viatu hivyo. Beba mawe, tukatie makaburi alama."

Hemedi akabeba, gunia zima, jasho likimtiririka. Siwema akatangulia porini, akitaja kwa hasira kama anayegombana na mtu: "Hapa babu Saburi. Weka. Hapa Mwanasiti, na mwanawe ubavuni. Weka."

Mawe ishirini na sita. Kisha akasimama mbele ya kichaka, jina halimjii.

"Na hapa nani?" Hemedi akauliza, jiwe mkononi.

"Iulize diski yako."

Hemedi akainama, akaliweka jiwe taratibu.

"Inua mguu," Siwema akasema. "Huenda umesimama juu yake."