Majani ya Mashine na Nyumba Mbili

Baba yangu alipoambiwa kwamba nimepata kazi ya kuotesha majani ya ng'ombe bila udongo, ndani ya kontena, aliweka chini misumari aliyokuwa anampimia mteja akaniuliza kama kule chuoni nilikuwa nasoma au nilikuwa nalala. Dukani kwake Bariadi anauza vifaa vya ujenzi, na kwake yeye kitu kisichoshikwa na msumari si kitu.

"Bila udongo?"

"Bila udongo, baba."

"Na jua?"

"Kuna taa."

Akamgeukia mteja. "Umesikia? Taa. Miaka yote ile ya ada, ng'ombe wawashiwe taa."

Mimi sina uvumilivu, na hilo kila anayenijua analijua. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Nikamjibu baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake mbele ya wateja, nikabeba begi langu nikatoka. Kwa hiyo mjue nilikwenda kazini Mwamapalala nikiwa nimechoma daraja nyuma yangu, na hapo ndipo ubaya wa mambo ulipoanzia. Mkataba wangu ulikuwa wa kiangazi kimoja tu. Utafiti ukitoa majibu yanayoeleweka, mradi unabaki na mimi nabaki nao. Usipotoa, kontena linapakiwa kwenye lori kwenda Mwanhuzi, ambako wana watu wao tayari, na mimi narudi nyuma ya kaunta ya baba kuuza bawaba huku nasikilizishwa habari za taa mpaka nizeeke.

Kontena lenyewe liliwekwa nyuma ya zizi la mzee mmoja aliyekubali ng'ombe wake watumike. Ndani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu trei, na kwenye trei mahindi yaliyolowekwa. Pampu ilikuwa inanyunyiza maji yenyewe, kwa saa zake, kwa umeme wa jua. Baada ya wiki hivi unavuta trei unatoa mkeka wa kijani, mizizi chini na majani juu, unaukunja kama mtu anayehama. Nje wakati huo ardhi imepasuka, lambo limebaki tope, ng'ombe wa watu wanalamba vumbi. Siku ya kwanza nilipotoa ule mkeka nilitokwa na machozi, sitaki kudanganya. Majirani waliokuja kuangalia walirudi nyuma hatua kadhaa. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwetu wananijua vizuri.

Mashine ilikuwa na akili yake. Maji yakipungua inanitumia meseji. Joto likizidi, meseji. Kiangazi kile nilipata meseji nyingi za mashine kuliko za mchumba wangu, na za mashine angalau zilikuwa zinaeleza shida ni nini.

Mtafiti mkuu tulimwita daktari, ingawa udaktari wake ni wa vitabu, si wa sindano. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kutoka chuoni kwake, amevaa kofia pana, mpole, msafi, mtu wa kusema "hebu tufikirie" hata ukimwuliza atakunywa chai au maji. Siku ya kuanza alimwuliza mzee ana ng'ombe wangapi.

"Wapo," mzee akasema.

"Wapo wangapi?"

"Wapo wa kumtosha mgeni."

Nikamvuta daktari shati kwa nyuma. Msukuma humwulizi idadi ya ng'ombe wake, ni sawa na kumwambia avue nguo mkague. Tukawaangalia wale wanaokamuliwa tu, tukaridhika.

Daktari akaeleza kwamba nusu watakula majani ya mashine na nusu wataendelea na walichozoea, yaani nyasi kavu za ngitili, lile eneo mzee analolifunga masika ili wapate kitu kiangazi, pamoja na mashudu ya pamba. Tukataka kuwavalisha hereni za namba masikioni. Mzee akakataa, akasema ng'ombe wake si maharusi. Basi tukatumia kamba za shingoni, kijani kwa wa mashine, njano kwa wengine. Na nani avae ipi? Kompyuta ikachagua kwa kura, ili, kwa maneno ya daktari, kusiwe na upendeleo wa aina yoyote.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja. "Na hawa wa njano watakuwa wanawaangalia wenzao wakila?"

Daktari akacheka. "Mzee wangu, ng'ombe hawana wivu."

Mzee akatazama upande wa pili wa ua. "Ng'ombe, hapana," akasema.

Sisi tukacheka tena, wasomi wawili, tukafunga kamba.

Sasa mzee yule alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa nyumba yake iko mashariki ya ua, mke mdogo magharibi, na wote niliwaita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake wa kukamua. Ng'ombe ni wa mzee, lakini maziwa ni ya nyumba, na ole wako uchanganye vibuyu. Sisi hatukuuliza. Kompyuta nayo hatukuiambia kwamba kuna nyumba mbili, na katika kutopendelea kwake ikawapa kamba za kijani karibu ng'ombe wote wa nyumba ndogo. Nyumba kubwa ikabaki na njano tupu, isipokuwa mmoja wa kijani, yule wa pembe iliyopinda, aliyekuwa ananipiga teke kila nikimkaribia na utepe wa kupimia.

Kulisha alfajiri tulimwachia mzee, kwa kufuata rangi ya kamba, mimi nilifika baadaye kupima. Mwezi wa kwanza ukapita. Tukapima. Wa kijani na wa njano, sawa. Mwezi wa pili, sawa. Tena si sawa ya kawaida. Ng'ombe mmoja wiki hii maziwa yanafurika, wiki ijayo amekauka, halafu jirani yake ndiye anafurika. Nikadhani ni ukungu kwenye trei, nikazisugua mpaka vidole vikachubuka. Nikabadilisha mbegu. Nikagombana na pampu kwa mdomo, mzee ananiangalia kwa huruma. Daktari akapiga simu, akasema hebu tufikirie, na mimi najua tukishamaliza kufikiri kinachofuata ni lori. Siku hiyo hiyo baba akanipigia, hakuniuliza hali. Alisema tu, "Kaunta nimeipaka rangi."

Nilikaa kwenye ndoo nikalia kwa hasira, kilio kile cha kupiga ndoo mateke.

Kesho yake nikawahi kwa mzee kabla ya muda wangu, maana usingizi ulikuwa haupo. Nikakuta ng'ombe anakula majani ya mashine kwa raha zake, kamba ya kijani shingoni. Nikamsogelea nimpapase. Hakunipiga teke. Nikatazama pembe zake, zimenyooka. Nikageuka, nikamwona yule wa pembe iliyopinda kule kwenye nyasi kavu, amevaa njano, na katikati ya zizi amesimama mzee, ameshika kamba mbili mkononi, ya kijani na ya njano, ametulia kama mtu anayechagua tai.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimia.

"Mwangaluka, baba. Baba, unafanya nini?"

"Nabadilisha."

"Unabadilisha nini?"

"Zamu." Alishangaa kwamba sielewi. "Hawa wamekula juzi na jana. Leo hawa. Wakishakula, kabla hujafika, kamba nazirudisha."

Haki ya Mungu, nilisikia masikio yanavuma. Nikamwambia yote: kwamba ameua utafiti, ameua kazi yangu, kwamba serikali na chuo na mimi na pampu tumekuwa tunahangaika kumbe mtu yuko hapa anavalisha ng'ombe nguo za wenzao. Nilisema mengi na kwa sauti. Mzee akangoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue.

"Binti," akasema, "wewe umeolewa?"

"Bado."

"Mwaka mmoja nilitoka mnadani na kitenge kimoja, nikakipeleka nyumba ndogo, kwa sababu kule kwingine nilishapeleka kabla. Nililala humu zizini, na ndama, mpaka wazee wa ukoo walipokuja kunitoa. Hicho kilikuwa kitenge. Nyinyi mmeniletea majani mabichi kiangazi, mkampa mmoja, mkaenda zenu kulala. Usiku nabaki na nani hapa? Na kompyuta?"

Nikatoka zizini na hasira zangu.

Nikampigia daktari nikamweleza. Akaja, akavua kofia, akakaa. Akasema pengine si yote yameharibika. Kama tunaweza kujua ng'ombe yupi alikula nini siku ipi, tunaweza kuokoa kitu. Akamwuliza mzee, zamu ilikuwa inakwendaje?

"Naamka, naangalia nani amenuna zaidi. Ng'ombe wake wanakula."

"Na wakinuna wote?"

"Naangalia nani anapika siku hiyo."

Daktari akavua na miwani. Mimi nikakumbuka kwamba hakuna mtu anayekumbuka alichopewa mke mwenza kama mke mwenza, nikamwomba awaulize akina mayu wenyewe, kila mmoja kwake. Tukaanza nyumba kubwa. Mke mkubwa hakusita hata kidogo. Ng'ombe wa nyumba ndogo walikula siku zote, akasema, wake yeye walilamba trei. Tukavuka ua. Mke mdogo naye hakusita. Wa nyumba kubwa walikula siku zote, wake yeye walisikia harufu tu. Wote wawili waliapa, mmoja kwa mama yake mzazi, na wote wawili, ukiwaangalia usoni, walikuwa wanasema kweli yao. Ukiunganisha ushahidi wao, ama mashine haikumlisha ng'ombe yeyote, ama iliwalisha wote na ikabakiza.

Daktari akasema kwa upole wake ule ule, "Basi. Nitaagiza lori."

Nikaiona kaunta, imepakwa rangi. Na mimi nikiishiwa na pa kukimbilia mdomo hujifungua wenyewe.

"Kura ndiyo mbovu!" nikasema, tena kwa kelele, nikamnyooshea daktari kidole, Mungu anisamehe. "Tulipiga kura ya ng'ombe, tungepiga kwanza ya nyumba! Kila nyumba nusu kijani, nusu njano. Nyumba kubwa inakula, nyumba ndogo inakula, sawa kwa sawa, nani atanuna? Tuanze upya. Kiangazi bado kirefu."

Daktari akafikiri kweli kweli safari hii. Mwishowe akasema inawezekana, na hata ni bora zaidi, ila mzee aape kwamba hatagusa kamba tena.

Mzee akatikisa kichwa. "Siwezi kuapa."

"Kwa nini, mzee?"

"Mtu akinuna, mkono wangu unatembea wenyewe. Nimezoea. Chukueni tu mashine yenu, wabeja, asanteni sana."

Nilitaka kupiga magoti. Kweli nilishainama. Ndipo mke mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, akavuka ua. Mke mdogo akatoka kwake. Hawakuangaliana. Wakaenda nyuma ya kontena pamoja, na mzee akaniambia kwa mnong'ono kwamba tangu amwoe wa pili hajawahi kuwaona wakisimama kivuli kimoja. Alikuwa na hofu usoni. Tukawasikia wakinong'ona, sauti ikapanda, ikashuka, kisha wakarudi.

Mke mkubwa ndiye aliyesema. "Mashine ibaki. Lakini mzee asiguse kamba, asiguse trei. Agawe huyu binti. Yeye si mke wa mtu hapa, hana wa kumpendelea."

"Na akipendelea tutamwona," mke mdogo akaongeza.

"Tutamwona," mke mkubwa akakubali. Nadhani hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana maishani mwao.

Daktari akanipa mkono. Lori likafutwa pale pale, na mimi nikarukaruka uani kama ndama, nikampigia baba nikamwambia aipangishe kaunta. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tena kazini. Nilidhani nimeshinda.

Asubuhi iliyofuata nikatoa mikeka yangu ya kijani, nikaigawa kwa mizani, nikavuka nayo ua. Wote wawili walikuwa wananingoja.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Kwa nini trei ya kwanza imepita mlango wa kule?" mke mkubwa akauliza.

"Na kwa nini ya kwangu ina mizizi mingi na majani machache?" akauliza mke mdogo.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikageuka kumtafuta mzee anisaidie, nikamwona kule mbali ng'ambo ya zizi, ameegemea mti, redio sikioni, macho amefumba. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa, na kila siku mpaka mvua. Walinuna kwa zamu, na wakaninunia mimi. Nilikonda mpaka mama akanipeleka hospitali kupimwa.

Kiangazi kilipokwisha tulipima kwa mara ya mwisho. Wa kijani walikuwa wamewazidi wa njano, si sana, lakini kwa kiasi ambacho daktari alikiita cha kutia moyo, na mradi ukabaki. Hayo yameandikwa kwenye ripoti. Ambalo halikuandikwa ni kwamba katika viumbe vyote vya ua ule, aliyenenepa kuliko wote alikuwa mzee.